Bogenvilia 13 za majani matupu: kisa cha uzio wa dada yangu Dodoma

Hiki kisa nimekaa nacho karibu miaka miwili na nakiandika chote mwanzo mwisho kwa sababu kila nikipita mitaa mipya ya Dodoma naona nyumba zilezile zenye tatizo lilelile, bogenvilia ndefu kuliko ukuta, kijani cha kupendeza, na ua hata moja hamna. Watu wanang'oa, wanatupa, wananunua nyingine, na mmea wenyewe hauna kosa.

Dada yangu alihamia Dodoma kikazi akitokea Dar, wale wa kundi la wafanyakazi waliofuata wizara, akajenga kiwanja chake kikawa kipana kiasi na kina vumbi ajabu. Desemba 2021 mvua zilipoanza akaenda kitalu cha barabarani akanunua miche 14 ya bogenvilia, yote rangi moja, ile zambarau inayokaribia damu ya mzee. Anasema siku ananunua ilikuwa imechanua yote, kwenye viriba vidogo vile vyeusi, imejaa maua mpaka anaona raha kuibeba. Akapanda 13 ndani ya uzio: mitano mbele upande wa kaskazini, mitano upande wa magharibi pembeni ya ukoka, na mitatu mashariki ambako kuna mwarobaini mkubwa aliukuta akaona dhambi kuukata. Ule wa 14 ukabaki hauna nafasi, akauchomeka nje kabisa kwenye kona ya geti.

Akaitunza. Na hapa naomba nieleweke, dada yangu sio mzembe, alimwambia kijana anayemsaidia bustani kila jioni kila shina lipate ndoo moja ya lita 20, kila mwezi koleo la mbolea ya kuku, na kila baada ya wiki mbili mkasi upite juu na pembeni zikae mraba kama ua wa mchongoma uliokatwa vizuri. Mwaka mzima na nusu ikawa hivo. Maua yale ya kitaluni yalipukutika mwezi wa kwanza tu na hayakurudi.

Mwanzoni mwa Juni 2023 nikaenda kuwasalimia. Nimefika getini kabla hata ya kupiga hodi nikaona ile ya kona, ile ya nje, imechanua yaani majani huyaoni. Nimeingia ndani, kijani kitupu. Nikamwambia shikamoo dada, marahaba mdogo wangu, halafu swali langu la kwanza likawa hii ya nje mnaipa nini? Akasema hamna, ile mpira wa maji haufiki, ile tumeiachia Mungu.

Basi jibu lilikuwa limesimama getini muda wote ule.

Lakini sikutaka kukimbilia hitimisho, kwa sababu nyumbani pale kila mtu alikuwa na maelezo yake na mengine yalikuwa yanaelekea kuleta hasara. Shemeji alikuwa anaamini wameuziwa mbegu mbaya na alikuwa na kinyongo na yule muuza miche. Fundi mmoja wa bustani alikuja akawaambia hii ni midume, haitoi maua, ng'oeni mnunue majike, na yeye anayo. Jirani akashauri waweke oleanda, nayo ni kijani mwaka mzima, inavumilia ukame na inachanua sana.

Nianze na hilo la dume kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno. Tumezoea mipapai, mpapai dume upo kweli na hautakupa papai la maana, kwahiyo mtu akisikia mmea hauzai anafikiria dume. Bogenvilia haiko hivo. Nilichuma tawi la ile ya getini nikampa dada kiganjani nikamwambia angalia kwa karibu. Hiki chenye rangi unachokiita ua ni majani, majani matatu mepesi kama karatasi yaliyogeuka rangi, ukiyashika yanalia kama karatasi kweli. Ua lenyewe liko katikati, vimirija vitatu vyembamba, kila kimoja kimejishikiza kwenye mshipa wa jani lake la rangi, na mdomoni kimefunguka kinyota cheupe kidogo kuliko kucha ya kidole kidogo. Kile kinyota ndo ua, na ndani yake kina sehemu za kiume na za kike pamoja. Kwahiyo hamna bogenvilia dume. Dada aliguna tu, miaka yote hiyo hajawahi kukiona kile cheupe.

La mbegu mbaya nalo lilijifuta lenyewe, miche yote 14 ilitoka kitalu kimoja, siku moja, rangi moja, na mmoja unachanua. Muuza miche hakuwaibia. Zaidi ya hapo, kuchanua kule kitaluni kulikuwa ni ushahidi ambao walikuwa nao siku zote: kwenye kiriba kidogo mizizi imebanana, udongo unakauka haraka, chakula kidogo, na bogenvilia ikibanwa hivo inachanua. Ukiipeleka kwenye shimo pana lenye maji na mbolea kila siku inaona maisha yamekuwa mazuri, inaanza kujenga mwili.

Oleanda nilikataa palepale. Kila sehemu ya ule mmea ni sumu, majani, maua, mpaka kijiti, na nyumba ile ina watoto wawili wadogo na mbuzi wa jirani wanaopita wanavyotaka. Bogenvilia ina miiba ndiyo, miiba yenyewe imepinda na inauma, na utomvu unaweza kumwasha mtu mwenye ngozi laini, lakini mwiba mtoto ataujua siku moja na atakuwa na adabu nao.

Nikabaki na vitu vinne: jua, maji, mbolea na mkasi.

Kwanza jua. Nilikaa siku nzima nikifuatilia kivuli, Jumamosi nzima, kazi ya kupendeza hiyo kama una chai. Mitano ya mbele na mitano ya magharibi inapata jua sio chini ya masaa 6, mingine zaidi, kwahiyo kwa hiyo 10 jua sio tatizo. Ile mitatu ya chini ya mwarobaini inapata jua la vipande vipande, asubuhi ukuta, mchana mti. Nikaiweka pembeni kama kesi yake.

Halafu maji. Nikachukua jembe dogo. Kwenye ile ya getini nilichimba shubiri nzima ndo nikakuta unyevu wa mbali, udongo juu ni unga. Ndani, kwenye shina la tatu la mbele, nikachimba pembeni kidogo nisijeruhi mizizi, nikabana udongo mkononi ukawa donge na maji yakatoka katikati ya vidole. Mwezi wa sita huo, Dodoma, wakati mvua ya mwisho ilikatika Aprili. Nikanusa, ukawa na harufu ya uvundo ule wa dimbwi. Kulikuwa na kamzizi kamoja kahawia, nikakavuta kidogo ngozi ikavuka ikabaki kauzi. Yaani hapo sio tu kwamba haichanui, ilikuwa inaelekea kuoza mizizi, na unjano ulikuwa umeanza kwenye majani, ila wao waliuona ni kiu wakaongeza maji.

Mtu anayeishi Dodoma nadhani hili anaweza kulielewa haraka kuliko wa Dar. Dodoma inapata milimita 550 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi kama saba ni kavu. Nyumbani kwa bogenvilia ni Brazili na sehemu nyingine za Amerika ya Kusini, Wazungu wa kwanza kuiandika kitaalamu ni msafara wa Mfaransa Bougainville, mtaalamu wao wa mimea Commerson aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akaipa jina la nahodha wake, ndo maana jina gumu hivi. (Msaidizi wake kwenye safari ile alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejifanya mwanaume ili apande meli, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kila nikiiona bogenvilia namkumbuka.) Mmea huu umezoea kipindi cha mvua cha kukua na kipindi cha ukavu cha kuchanua. Kiangazi ndo kinauambia sasa chanua. Sawa na mwembe tu, mwembe unasubiri ule ubaridi na ukavu wa katikati ya mwaka ndo utoe maua. Sasa wewe ukimwaga ndoo kila jioni umeufutia kiangazi, kwake ni masika mwaka mzima, na masika ni wakati wa majani.

Mbolea ya kuku ikaongeza. Ile ni mbolea ya naitrojeni nyingi, nzuri sana kwa mchicha kwa sababu mchicha tunakula majani. Kwenye bogenvilia ukiweka kila mwezi na wewe unavuna majani.

Na mkasi. Hapa ndo pananiuma zaidi kwa sababu ni kazi ya kijana wa watu aliyejituma. Bogenvilia inatoa maua kwenye chipukizi jipya, kuelekea nchani. Kila baada ya wiki mbili chipukizi limefika urefu wa kidole, linapita chini ya mkasi. Wakulima wa zabibu wa Dodoma hawahitaji kuelezwa hili, wanakata mzabibu kwa mpango, halafu wanaacha matawi mapya yaje na vichala vyake, hawarudi na mkasi kila wiki mbili.

Sasa tatizo langu lilikuwa hivi. Ile ya getini ilikuwa haipati maji, haipati mbolea na haipati mkasi, vyote vitatu kwa pamoja, kwahiyo kwa kuiangalia tu siwezi kujua kipi ndo kikubwa. Nikamwambia dada tugawanye. Mitano ya mbele tuache vyote, hamna maji mpaka iombe, hamna mbolea, hamna mkasi. Mitano ya magharibi tuache maji na mbolea lakini mkasi uendelee, na kwa kweli hilo lilikuwa pia ombi lake maana upande ule unaonekana kutoka dirisha la sebuleni na alikuwa bado anataka mraba wake. Ile mitatu ya kivulini tuifanyie kama ya mbele. Tukaanza tarehe 10 Juni, mi nikarudi zangu Morogoro.

Wiki ya pili dada akapiga simu, sauti imebadilika. Majani yamenyauka mdogo wangu, umeniulia maua. Nikamuuliza yamenyauka saa ngapi? Mchana. Nikamwambia mchana acha, jua la saa nane kila kitu kinainamisha kichwa, kaangalie saa kumi na mbili asubuhi, kama vichwa vimesimama usimwage hata kikombe, kama asubuhi bado vimelala hapo inaomba, mpe ndoo mbili kwa mkupuo, taratibu, zizame chini, halafu muache tena. Kesho yake akasema zimesimama zote isipokuwa moja.

Hiyo moja ni kosa langu. Shina la tano la mbele liko karibu na msingi wa nyumba, pale wamejaza moramu, maji hayakai hata siku. Mizizi yake ilikuwa imezoea ndoo ya kila jioni haijaenda chini kabisa. Mi nilitoa amri moja kwa yote bila kuchimba kila shimo, na kipimo hiki cha asubuhi nilitakiwa kukisema siku ya kwanza, sio wiki ya pili baada ya simu. Majani yalijikunja yakadondoka yote, likabaki fito na miiba. Tukalirudishia maji kidogo kidogo kila siku nne, likachipua Agosti, lakini mwaka ule halikuchanua. Kwahiyo mtu anayetaka kufanya hivi kwenye mmea uliozoeshwa maji mengi asikate ghafla, apunguze, kila siku tatu, kila wiki, halafu kila wiki mbili, mizizi ipate muda wa kushuka kutafuta.

Mwishoni mwa Julai, wiki ya saba hivi, akanitumia picha. Nchani kwa matawi ya mbele kulikuwa na vitu kama vipunje vya rangi, vidogo, vimejikusanya. Hakuandika kitu chini ya picha. Kufika katikati ya Agosti, na ule upepo wa Dodoma wa Agosti, minne ya mbele ilikuwa imefunikwa, anasema asubuhi anafagia maua sebuleni yameingia na upepo na hajisikii hata kukasirika.

Magharibi, ambako mkasi uliendelea, yalitoka maua machache sana, yote chini na ndani ndani, kwenye vitawi ambavyo mkasi haukufika. Juu kwenye mraba hamna kitu. Sitaapa kwamba ni mkasi peke yake, pembeni kuna ukoka na ukoka ulikuwa bado unamwagiwa, lazima maji yalikuwa yanawafikia. Lakini alipoona mbele ndo akaniambia mwenyewe basi naacha mraba, kijana akaweka mkasi chini, na tukavuta duara la ukoka nyuma kama hatua moja kutoka kwenye mashina. Mwisho wa Septemba magharibi nayo ikachanua. Kwangu mi hii ya magharibi ndo ilinifundisha zaidi, maana maji nilikuwa nayajua toka zamani, ila mkasi nilikuwa nauona kitu kidogo.

Ile ya kivulini hamna. Majani yalipungua kidogo basi. Dada akakubali tukate matawi mawili makubwa ya chini ya mwarobaini, mashina mawili yakapata jua la mchana na yakatoa maua kiasi, la tatu likabaki vilevile. Aliuliza tulihamishe, nikakataa, bogenvilia kubwa haipendi kuhamishwa, mizizi yake ni myepesi na ikikatika inaweza kufa nzima. Hata unapopanda mche mpya usivute kwa shina, chana kiriba kwa wembe taratibu na donge la udongo liingie shimoni halijavunjika.

Tuje kwenye hesabu ya maji, maana hii ndo ilimfanya shemeji asahau kinyongo chake na muuza miche. Mashina 13 kwa ndoo ya lita 20 kila jioni ni lita 260 kwa siku, kwa mwezi lita 7,800. Sasa hivi kiangazi kila shina linapata ndoo mbili kila baada ya wiki mbili, ni lita 520 kwa awamu, na kwa mwezi ni lita 1,040. Kwenye mji ambao watu wanalala na matanki wakisubiri mgao hiyo tofauti ni kitu kikubwa, na yale mengine anapelekea miembe yake michanga ambayo kweli inahitaji.

Kuna ushauri mmoja ulikuja katikati nikaupinga, kuweka majivu ili maua yaongezeke. Majivu yana potasi ni kweli, ila yanapunguza asidi ya udongo, na maji ya kisima cha pale kwa dada yana chumvi, yanaacha ukungu mweupe kwenye ndoo na kwenye sufuria. Ukiongeza majivu juu yake mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo, na utaona majani machanga yanakuwa ya njano na mishipa inabaki kijani. Tumebaki na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka mvua zinapoanza, debe moja shina moja.

Halafu zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 2023 mpaka 2024. Mvua nyingi. Maua yote yakaondoka yakaja majani, marefu, yenye maotea yanayorusha fimbo mpaka barabarani, na dada akapiga tena, mdogo wangu ugonjwa umerudi. Sio ugonjwa, ni masika, na masika hata ile ya getini ilikuwa kijani, nikamwambia toka nje ukaiangalie. Hii nayo watu waijue, kuna miezi ya majani na hamna cha kufanya, wala hamna haja ya kufanya kitu. Aprili mvua zilipokatika kijana akapita na mkasi mara moja tu, akakata fimbo zote kama theluthi, akaacha. Kuanzia hapo hakugusa.

Juni 2024 nilikwenda mwenyewe. Yote 10 ya juani ilikuwa imeanza, hata lile shina la tano karibu na msingi lilikuwa na mashada mawili, madogo, upande mmoja. Yule kijana ndo alinipeleka kuliona, akachutama akaonesha na kidole mahali tawi lilipotokea kwenye fito lililokuwa kavu. Anajua sasa kupima kwa kijiti, anakichomeka ardhini mpaka shubiri, kikitoka na udongo umeng'ang'ania anasema bado, anaenda shina jingine. Na wiki ile alikuwa amekata vipande vya matawi magumu, unene wa penseli, amevichomeka kwenye viriba 20 nyuma ya jiko chini ya kivuli cha turubai, anasema akipata hata nusu vikachipua atavipeleka kwao Kondoa.